Amri ya Kuezua Nyumba ya Limbu

Mwezi uliopita mahakimu wenzangu wa Bariadi waliniaga kwa wali, soda na hotuba ndefu, na kabla sijamaliza kula mmoja wao akaniomba niwaandikie niliyoyaona kazini. Nilimwambia nitaandika, ila asitegemee kusoma nilivyopanda vyeo. Vyeo vyenyewe vilikuwa vichache na vilikuja kwa kuchelewa, na mshahara wa hakimu wa mahakama ya mwanzo kila mtu anaujua, hata mashahidi. Nitaandika kazi. Na humo kazini nitakaa zaidi kwenye kesi moja, kwa sababu ninyi vijana mmeniuliza habari yake mara nyingi kwa maneno tofauti: mtu aliyefanya ubaya kwa kuamriwa afanywe nini?

Kwetu ni Kondoa. Nilipopangiwa Meatu, Simiyu ilikuwa bado haijawa mkoa, tulihesabiwa Shinyanga, na sikuwa nimewahi kukanyaga Usukumani. Siku ya kwanza nilifika mahakamani nimevaa viatu vya kisigino, jambo ambalo sikulirudia. Jengo lilikuwa na chumba kimoja cha kusikilizia kesi, ofisi ndogo, bendera, mhuri, na meza ambayo mguu wake mmoja uliliwa na mchwa ukawekewa tofali. Watu walijaa mpaka madirishani kumwona hakimu mwanamke. Mzee mmoja aliyekaa mbele akainuka, akanisalimu, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, nami nikamjibu, "Salama." Chumba kizima kikaangua kicheko. Kule, mtu akikupa mwangaluka unamrudishia mwangaluka, kisha mnaulizana ya nyumbani na ya ng'ombe, ndipo mnaingia kwenye shida iliyowaleta. Nilishinda na aibu yangu, na jioni nikajifunza salamu kwa mke wa jirani kabla sijafungua jalada hata moja.

Mzee yule aliitwa Nkwabi, naye alikuwa mmoja wa wazee wangu wawili wa baraza. Hili wengi wenu hamkulikuta. Zamani hakimu wa mahakama ya mwanzo hakuamua peke yake. Alikaa na raia wawili wa kawaida, na kila mmoja alikuwa na kura sawa na yake. Wakikubaliana wao wawili, hakimu ameshindwa, na bado ndiye anayeandika na kusoma hukumu ambayo si yake. Wa pili alikuwa Mama Milembe, mjane mkulima wa pamba, mwenye maneno machache na macho yasiyopitwa na kitu.

Mzee Nkwabi ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa angesikia nasema hivyo angetaka alipwe. Tuliandika ushahidi wote kwa mkono, na mimi nilikuwa naandika mbio mbio, vidole vinakufa ganzi. Akaniambia niache papara. Alisema shahidi anaiangalia kalamu. Kalamu ikisimama na hakimu akanyamaza, shahidi anaona amebakiza kitu, anaongeza neno, na mara nyingi neno hilo ndilo lililotuweka pale tangu asubuhi. Nimeitumia mbinu hiyo mpaka siku ya mwisho. Kwenye kompyuta sijui kama inafanya kazi, mtaniambia ninyi.

Tatizo lingine lilikuwa lugha. Kesi ilikwenda kwa Kiswahili, lakini wengi walijieleza kwa Kisukuma na karani akatafsiri. Karani wangu alikuwa mtu wa Sola, mwema sana, ila mvivu wa maneno. Bibi mmoja alieleza mbele yetu kwa muda mrefu, akalia, akaonyesha kovu, akaapa kwa marehemu mumewe, kisha karani akanigeukia: "Anakataa, Mheshimiwa." Na kuna siku fahali aliyegombaniwa aliletwa kama kielelezo, akafungwa dirishani, akala kalenda yote ya ofisi. Mwenye kosa hakupatikana.

Sasa niseme habari za jeshi la jadi, yaani sungusungu, maana bila hilo hamtaielewa kesi. Wengine wenu mnalisoma vitabuni kama jambo la kishamba. Mimi nimeishi nalo. Wizi wa ng'ombe ulikuwa unamaliza watu, polisi wako mbali, na vijiji vikajipanga vyenyewe. Kila mwanaume mwenye nguvu alikuwa askari. Hakuna aliyeulizwa kama anapenda. Ukipigwa mwano, ile kelele ya hatari inayopokezana kaya kwa kaya, unaacha chakula, unashika fimbo, unakimbia. Usipokimbia unatozwa. Ukikataa tozo unatengwa: hakuna wa kukusalimia, hakuna wa kukupa moto wala kukuchotea maji, na ukifiwa unazika na watoto wako. Ng'ombe walirudi, tena wengi. Mzee Nkwabi mwenyewe alikuwa kamanda wa kijiji chake miaka ya nyuma, na ukitaka kumuudhi ulisema sungusungu ni wahuni.

Limbu alikuwa mkulima wa upande wa Kimali, mtu wa makamo, mwenye nyumba ya bati aliyoijenga kwa msimu mmoja mzuri wa pamba. Alikuwa askari mtiifu kama wengine mpaka siku jeshi lilipomkamata mtu njiani na ng'ombe, likampiga, kisha ikagundulika ng'ombe walikuwa wake mwenyewe, anawapeleka mnadani. Yule mtu alipona, lakini mkono wake mmoja haukunyooka tena. Limbu alikuwepo. Mkutano uliofuata akasimama akasema mwano ukipigwa wa kufuata ng'ombe atakimbia, ukipigwa wa kumpiga mtu wasimhesabu. Watu walimwona anajitia mwema. Mwano uliofuata ulikuwa wa mtu, naye akabaki nyumbani. Akatozwa, akakataa. Akatengwa, akavumilia. Kuona havunjiki, kamanda wa kijiji, jina lake Maduhu, akatoa amri nyumba yake iezuliwe, ili ahame mwenyewe.

Kijiji kile kilikuwa na desturi ambayo sijaikuta kwingine. Mtu akihukumiwa kuezuliwa, wa kwanza kupanda juu lazima awe ndugu yake au shemeji yake. Maana yake ni kwamba ukoo ukishatia mkono, baadaye hakuna wa kulalamika. Limbu hakuwa na ndugu wa kiume kijijini. Alikuwa na shemeji, Shija, aliyemuoa dada yake mdogo na aliyekaa kaya ya pili kutoka kwake. Shija akapanda. Nyuma yake wakapanda wengine wanne na mashoka na kamba.

Limbu hakwenda kwa Maduhu kuomba. Alipeleka familia Shishiyu kwa wakweze, akaja kushtaki. Ndivyo walivyofika mbele yangu watu sita, Maduhu na wanaume watano, kwa kosa la kuharibu mali. Watazamaji walikuwa wengi kuliko siku ya fahali.

Utetezi wao ulikuwa mmoja: waliamriwa. Wa kwanza alieleza, wa pili akaeleza, na kufikia wa nne karani alikuwa anasema tu, "Na huyu vilevile, Mheshimiwa." Nikamlazimisha atafsiri kila neno. Halafu nikamuuliza kila mmoja swali lile lile, kama angekataa angefanywa nini. Kila mmoja alisema angetengwa. Nikauliza na nani. Mmoja wa wale wa mashoka akasema na jeshi. Nikamuuliza jeshi ni nani, kisha nikasimamisha kalamu. Akaangalia benchi walilokaa wenzake, akasema taratibu, "Ni sisi." Maduhu naye alisema asingetoa amri ile mkutano ungemvua ukamanda na kumtoza yeye. Mkutano wenyewe ni wale wale. Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi za watu sita, kila mmoja akisema aliwaogopa wale watano.

Sheria mnaijua, au mnapaswa kuijua. Kulazimishwa ni kinga pale tu mtu anapotishiwa papo hapo kuuawa au kuumizwa vibaya. Kuogopa kitakachokupata kesho si kinga. Hilo ni rahisi kuandika. Ni gumu zaidi kulisema ukimtazama mtu ambaye kesho yake ndiyo maisha yake yote, mwenye watoto na mifugo mahali ambapo mtu hawezi kuishi peke yake hata msimu mmoja. Niliwaonea huruma, sifichi.

Shija alikuwa mshtakiwa wa pili. Alikuwa mrefu, mpole, anayejikunja akisimama kizimbani utadhani dari liko chini. Alikubali alipanda wa kwanza. Alisema wenzake walipiga shoka upande wao, lakini yeye alichukua nyundo akang'oa misumari polepole, akashusha bati zima zima, akazipanga, ili shemeji yake asipate hasara. Chumba kikaguna kwa kuridhika. Mzee Nkwabi akanitazama kwa jicho la kusema, umesikia?

Niliona bora tukaione nyumba yenyewe. Usafiri ulikuwa mmoja tu, lori la pamba, na tukapanda sote: mimi, wazee wa baraza, karani, askari, washtakiwa na mlalamikaji. Sheria haisemi chochote kuhusu mshtakiwa kumshika hakimu mkono asianguke kwenye lori, na mimi nilishukuru tu. Mama Milembe alifungua kitambaa akagawa michembe, viazi vile vilivyokaushwa, kwa kila mtu bila kuangalia ana kesi gani. Limbu alipokea. Shija alipokea akakaa nayo mkononi, hakula.

Nyumba ilikuwa kuta tu. Mvua mbili tatu zilikuwa zimeshanyesha na matofali ya udongo yalianza kumeguka juu. Upande wa kulia bati zilitawanyika zimepasuka na kukunjamana. Upande wa kushoto zilipangwa juu ya mawe, safi kabisa, na pembeni kulikuwa na kopo la misumari, yote imenyooshwa. Mama Milembe aliinama akazipitisha kiganja bati zile moja moja, akasema hizi zinarudi juu bila shida. Nikaandika. Nikamuuliza Limbu kama ana la kueleza kuhusu tunachokiona.

Alizungumza Kiswahili mwenyewe, hakumsubiri karani.

"Mheshimiwa, hawa wa mashoka nawaelewa. Walikuja wamepandisha hasira, wakapiga, wakamaliza, wakaondoka. Huyu shemeji alikuwa juu tangu asubuhi. Anang'oa msumari, anaunyoosha, anautia kwenye kopo. Anashika mwingine. Mimi nimesimama hapa na watoto namtazama. Kila msumari nasema, huu ukitoka atashuka. Hakushuka. Yeye alikuwa na muda kuliko wote."

Nilimwambia Shija ana haki ya kumuuliza shahidi maswali. Alisema hana swali. Tukarudi na lori lile lile, na safari hii hakuna aliyegawa kitu.

Tulipofungiana ofisini kupiga kura, Mzee Nkwabi alianza kabla sijakaa. Alitaka Maduhu peke yake atiwe hatiani na watano waachiwe. Alisema askari haulizi, anakwenda. Jeshi ambalo kila mmoja anaipima amri kwanza ndipo akimbie, wezi watakuwa wameshavuka mto. Nikamwambia jeshi lisilopima limempiga mtu mwenye ng'ombe wake. Akanijibu kwamba mimi nimetoka Kondoa, sijui kulala ukisikia kengele za ng'ombe wako zinakwenda mbali. Hakuwa mjinga. Tulibishana mpaka karani akagonga kuuliza kama tupo salama.

Mama Milembe akasubiri tuchoke. Kisha akasema Maduhu ana hatia, wa mashoka wana hatia, maana waliamriwa kuezua na wao wakavunja. Shija hana. Kosa lililoandikwa ni kuharibu, na yeye Mama Milembe amezishika kwa mkono wake bati alizoshusha Shija, hazijaharibika. Nilijitahidi. Nilisema paa lililoshushwa kwa adabu ni paa lililoshushwa, mvua inaingia vilevile, na kwamba Limbu ametuambia jambo zito kuliko bati. Akasema, "Mayu, aliyoyasema Limbu ni kweli. Lakini hayapo kwenye karatasi ya mashtaka."

Hesabu ikawa hivyo. Maduhu sote watatu. Wa mashoka, mimi na Mama Milembe. Shija akaachiwa na Mama Milembe na Mzee Nkwabi, kila mmoja kwa sababu yake, na mimi nikabaki peke yangu. Iliniuma. Nilienda kuiandika hukumu ile kwa kinyongo, na niliiandika vizuri, kwa sababu hiyo ndiyo kazi.

Siku ya hukumu Maduhu alikwenda gerezani kwa miezi michache. Wale wanne waliachiwa kwa masharti, na nikaamuru waiezeke upya nyumba ya Limbu kwa gharama zao. Nikamwambia Shija Mahakama imemwona hana hatia, yuko huru, aondoke. Mkewe, dada yake Limbu, alikuwa dirishani analia kwa furaha. Shija hakuondoka. Aliuliza kama nimeandika kwamba yeye alikuwa na muda.

Nilimjibu kwamba limo kwenye ushahidi wa Limbu, neno kwa neno.

"Hayo ni maneno yake, Mheshimiwa. Mimi nataka yaandikwe yangu. Nilikuwa na muda."

Nikamweleza kwamba jalada limeshafungwa, na mtu aliyeachiwa huru hana cha kuongeza. Mzee Nkwabi akamwambia kwa Kisukuma aende nyumbani kabla mama hakimu hajabadili mawazo, watu wakacheka. Shija alisimama kidogo tena, akaangalia kalamu yangu iliyokuwa imelala mezani, akatoka kupitia katikati ya watu bila kumshika mtu mkono. Katika miaka yangu yote, watu wengi wameniomba nifute neno. Huyo ndiye pekee aliyewahi kuniomba niandike la kumtia hatiani mwenyewe.

Viongozi wa wilaya walikwenda kijijini wakaitisha mkutano, wakaagiza Limbu aruhusiwe kurudi. Jeshi lilikubali kwa mdomo. Lakini halikupenda kuona kamanda wake amefungwa, likatoa tamko lake: wale wanne wataezeka kwa sababu Serikali imewaamuru, na mtu mwingine yeyote atakayegusa nyumba ile, hata kwa kusogeza jiwe, atatengwa yeye na nyumba yake. Karani alinipa habari hizo huku anakusanya mafaili, na kwa mara ya kwanza alitafsiri kwa urefu.

Kulikuwa na utaratibu, ambao naona mmeuacha, wa hakimu kwenda mwenyewe kuona kama amri yake imetekelezwa. Nilikwenda na karani kwa pikipiki. Wale wanne walikuwa kazini upande wa kulia, wamenuna, wanagongea bati mpya. Upande wa kushoto juu kulikuwa na mtu mmoja peke yake, anapokea bati za zamani na kuzirudisha mahali pake. Alikuwa Shija. Nilimuuliza karani kama jina lake lipo kwenye amri yangu. Alifungua jalada kabisa ili ahakikishe. Halipo.

Limbu alikuwa chini yake, amegeukia ukuta. Nikampa mwangaluka, akaniitikia bila kugeuka. Nikamuuliza ni nani amemwambia Shija aje.

"Hakuna, mayu. Juzi tumeamka asubuhi tumemkuta yuko juu."

Nikamuuliza kama Shija amelisikia tamko la jeshi. Akasema amelisikia, na utekelezaji umeshaanza: jana mashine ya kusaga imemrudisha mke wa Shija na mahindi yake kichwani, na leo watoto wake wamepita kaya tatu hakuna aliyewasalimu. Alisema hayo kwa sauti ile ile ya siku ya ushahidi. Nikamuuliza, si kama hakimu, kama basi wameshapatana.

Limbu alisema bado. Ngazi ilikuwa ya miti ya kufunga kwa kamba, inayumba kila Shija alipojinyoosha, na Limbu alikuwa ameishika kwa mikono miwili. Hakuiachia hata kunipa mkono.